Uliza Mwalimu wa Picha: Wazee wetu, kamera, na enzi za Malkia Victoria

Toleo lililopita tuliweka ile picha ya mwanasayansi Sir John Herschel iliyopigwa na mpiga picha wa Kiingereza Julia Margaret Cameron mwaka 1867, mzee wa nywele nyeupe anayetokea gizani, na tangu hapo meseji hazijakatika. Wengi mnauliza namna ya kuwapiga picha wazee, wengine mnataka kujua maisha ya Uingereza enzi za Malkia Victoria yalikuwaje hasa kwa mtu mzee. Nimechagua machache, yale marefu nimeyafupisha.

Shikamoo mwalimu. Bibi yangu ametimiza miaka 86, nataka nimpige picha moja ya maana kwa ile staili ya Kivictoria, rangi ya kahawia, amekaa kwenye kiti, amenyooka, hacheki. Nina simu na kamera ya kuazima. Nifanyeje? Na kwa nini wale watu hawakucheka kabisa, walikuwa na hasira au?

Marahaba, na mfikishie bibi hongera zangu.

Hasira hawakuwa nayo. Upigaji picha ulipotangazwa rasmi mwaka 1839 na wavumbuzi wake, Daguerre kule Paris na Fox Talbot kule Uingereza, kukaa mbele ya kamera ilikuwa ni kukaa juani dakika kadhaa bila kutikisika. Hata Richard Beard alipofungua studio yake Regent Street, London, mwezi Machi 1841, studio ya kwanza ya biashara Uingereza, ilibidi aiweke juu kabisa ya jengo chini ya paa la kioo ili apate mwanga wote unaopatikana. Mteja anakalishwa kwenye kiti, alafu nyuma ya kichwa chake kunakuwa na stendi yenye vyuma viwili vya kushika kichwa kisiyumbe. Sasa hebu tabasamu hivyo hivyo dakika nzima uone mdomo unavyoanza kucheza.

Lakini muda peke yake hauelezi kila kitu. Mwaka 1851 Frederick Scott Archer alileta njia ya kolodioni, yaani kioo kinapakwa dawa na kupigwa picha kikiwa bado kibichi, na muda ukashuka mpaka sekunde chache tu kwenye mwanga mzuri, na bado watu hawakucheka. Walikuwa wamerithi taratibu za picha za kuchora ambako mtu wa heshima anafunga mdomo, na meno ya wengi enzi hizo yalikuwa mabovu au hayapo kabisa, na tena kupigwa picha lilikuwa tukio kubwa, kuna watu walipigwa mara moja tu maisha yao yote, kwa hiyo mtu alikaa vile anavyotaka wajukuu wamkumbuke.

Alafu kuna hili ambalo wengi hawalijui. Dawa zile zilikuwa zinaona mwanga wa bluu na urujuani, nyekundu na njano hazikuziona vizuri. Mzee wa Kiingereza mwenye uso mwekundu kwa upepo na jua alitoka mweusi mweusi, madoa ya uzee yakakolea, mikunjo ikaongezeka kina, macho ya bluu yakapauka mpaka yanatisha. Kwa hiyo ukimwona mzee wa 1860 amekaa mkali hivi, ujue sehemu kubwa ya huo ukali ni dawa, huenda alikuwa mpole kuliko wote mtaani kwake. Na ile kahawia unayoipenda nayo sio yote walioikusudia. Karatasi za albumini, zile zilizopakwa ute wa yai, zilitoka studio zikiwa na kahawia inayoelekea zambarau kwa sababu zilipitishwa kwenye dawa ya dhahabu, na unjano wa leo umeletwa na miaka.

Kwa hiyo kwa bibi, filta ya kahawia ya kwenye simu achana nayo. Mkalishe karibu na dirisha kubwa ambalo jua haliingii moja kwa moja, dirisha liwe ubavuni kwake na mbele kidogo, taa zote za ndani zima maana zinachanganya rangi, na flashi usiiguse. Upande wa pili wa uso ukizama sana gizani simamisha shuka jeupe pale pembeni lirudishe mwanga. Usimsogelee na lenzi pana ya simu, pua inakua na masikio yanakimbilia nyuma, rudi hatua mbili tatu utumie ile zumu ya mara mbili kama ipo, na kwenye kamera tafuta lenzi ya milimita 85, ikikosekana 50. Ukiigeuza kuwa nyeusi na nyeupe, programu nyingi za kuediti zina slaida za rangi: ukishusha nyekundu na kupandisha bluu unapata ule ukali wa kolodioni, ukifanya kinyume ngozi inalainika. Mimi ningeacha katikati. Mikunjo ionekane, ila mtu akiangalia picha aone macho kwanza.

Na bibi akitaka kucheka mwache acheke.

Mwalimu, ni kweli zile stendi za chuma zilikuwa za kusimamishia maiti? Nimeona picha za wazee wamesimama, watu wanasema walikuwa wameshakufa.

Sio kweli, na naomba tuliache kabisa maana linawavunjia heshima watu. Stendi ile ilikuwa ya kumtuliza mtu aliye hai, haina nguvu ya kubeba mwili usiojishika wenyewe. Ukiona mguu wa stendi umechomoza nyuma ya viatu vya mtu, huyo alikuwa anapumua. Ni kweli Wavictoria waliwapiga picha marehemu wao, mara nyingi watoto, lakini waliwalaza kitandani au kuwapakata kama wamelala usingizi, na kwa familia nyingi hiyo ndiyo ilikuwa picha pekee ya huyo mtoto. Ni huzuni ya wazazi ile.

Habari za kazi mwalimu. Baba yangu mkubwa ana miaka 79, maisha yake yote alikuwa seremala. Kila nikishika kamera anageuza uso, anasema uzee nao wa kupiga picha, nenda kapige watoto. Nimpige kwa kuibia? Natamani sana sura yake ibaki.

Kwa kuibia usimpige. Akiiona baadaye hatakuamini tena, na wewe mwenyewe ukiiangalia utaona ni picha ya mtu aliyeibiwa.

Nikurudishe kwa Cameron, maana jibu lako liko pale. Yule mama alipata kamera yake ya kwanza mwishoni mwa 1863 akiwa na miaka 48, zawadi ya binti yake na mkwewe. Alikuwa anaishi Freshwater, kisiwa cha Wight, akachukua banda la kuku akalifanya studio ya vioo na stoo ya makaa ikawa chumba cha giza. Wenzake wakamcheka, wakasema picha zake hazina fokasi. Sasa Herschel alikuwa ni mwanasayansi wa nyota na kemia, na walijuana tangu 1836 walipokutana kule Rasi ya Tumaini Jema, yaani wakati picha inapigwa urafiki wao ulikuwa na miaka 31. Aprili 1867 Cameron akabeba kamera na vioo na madawa mpaka nyumbani kwa Herschel huko Hawkhurst, Kent. Hakumwita studio, alimfuata kwake. Inaelezwa alimwomba aoshe nywele ili zifumuke zishike mwanga, na kweli ukiangalia utaona kila unywele umesimama na kung'aa, nguo nyeusi imepotelea gizani, hakuna kiti wala pazia wala nguzo za maonyesho, ni uso tu. Mzee ana miaka 75 na hajifichi. Na kinachonigusa mimi kila nikiirudia picha hii ni kwamba yeye Herschel ndiye aliyegundua, mwaka 1819, dawa inayoyeyusha chumvi za fedha, ile ambayo baadaye ndiyo ikatumika kuzuia picha isiendelee kuungua ikakutana na mwanga, yaani kazi ya mikono yake ya ujanani ndiyo iliyoibakiza sura yake ya uzeeni.

Sasa baba mkubwa. Anaposema "uzee nao wa kupiga picha" mara nyingi mzee anamaanisha huyu ninayemwona kwenye kioo simtambui. Basi usianze na uso. Siku ya kwanza nenda mikono mitupu, kaa naye, muulize randa alijifunzia kwa nani, mbao gani ilimsumbua, mlango gani alioutengeneza bado unafunguka mpaka leo. Siku nyingine omba upige mikono yake tu akiwa ameshika patasi au randa. Mikono ya seremala wa miaka 79 inatosha kuwa picha kamili, kucha zilizopinda, kovu la msumeno, namna kidole gumba kinavyojua pa kukaa chenyewe kwenye mpini. Frank Meadow Sutcliffe kule Whitby, pwani ya Yorkshire, ndivyo alivyopata wavuvi wale wazee waonekane watulivu, aliwapiga wakiwa bandarini kwao katikati ya shughuli zao, wakati studio nyingi zilikuwa zinawasimamisha watu mbele ya pazia lililochorwa miti.

Muonyeshe picha ya mikono hapo hapo. Mpe simu aishike mwenyewe, mwambie asiyoipenda aifute, na aifute kweli, usiwe na kopi uliyoificha. Mzee akishajua kwamba ana mamlaka juu ya picha yake hofu inapungua nusu, na kawaida yeye mwenyewe ndiye atakayekuuliza mbona hujapiga usoni.

Siku akikubali, kiti kiwe na mgongo na mahali pa kuegemeza mikono, wazee wanachoka haraka na hawasemi, kwa hiyo fanya kidogo kidogo umwache apumzike. Kama anavaa miwani usimvue, sura yake ni pamoja na miwani, mwambie tu ashushe kidevu kidogo mng'ao wa dirisha utoke kwenye vioo. Kama hasikii vizuri kaa mbele yake aone mdomo wako, usimpigie kelele. Na jambo la mwisho, akisema hapana mpaka mwisho basi ni hapana, una picha ya mikono, na hiyo sio ndogo.

Mimi na shemeji yangu tunabishana. Yeye anasema maisha ya enzi za Victoria yalikuwa matulivu, familia pamoja, wazee wanaheshimiwa, ukiangalia tu picha unaona. Mimi nasema ile ni studio. Nani mkweli?

Wewe, japo shemeji naye namwelewa, picha zile zina utulivu unaovuta kweli.

Kwanza tuwekane sawa kuhusu miaka. Victoria alitawala kuanzia Juni 1837 mpaka Januari 1901. Maana yake wazee tunaowaona kwenye picha za mwanzo mwanzo hawakukulia enzi zake, ni watu wa karne iliyotangulia. Duke of Wellington, yule aliyemshinda Napoleon pale Waterloo, alipigwa picha na Antoine Claudet mwaka 1844 akiwa na miaka 70 na kitu, mtu aliyezaliwa 1769! Chukua bibi yeyote aliyekaa studio mwaka 1850 akiwa na miaka 75. Alizaliwa 1775, reli ya Liverpool na Manchester ilipofunguliwa 1830 alikuwa na 55, stempu ya kwanza ya posta ilipotoka 1840 alikuwa na 65, picha yenyewe ilikuwa haijavumbuliwa wakati yeye ni kijana kwa hiyo sura yake ya ujana hakuna aliyeibakiza. Nikiangalia bibi kama huyo na kofia yake nyeupe ya vitambaa, mikono imekunjwa juu ya kitabu, nawaza ni vitu vingapi vimepita mbele ya macho yale kabla ya hiyo lenzi.

Utulivu sasa. Miaka ya 1840 wastani wa umri wa kuishi Uingereza ulikuwa kama miaka 40 tangu kuzaliwa, na hii watu wanaielewa vibaya, haimaanishi watu walikuwa wazee wakifika 40. Watoto ndio waliokuwa wanakufa wengi, ukivuka utoto na ukivuka magonjwa ya ujanani ulikuwa na nafasi nzuri ya kufika 60 au 70. Wazee walikuwepo tele, ila kila mzee alikuwa amezika sana.

Na heshima ilitegemea mfuko. Sheria ya maskini ya mwaka 1834 ilitaka mtu anayeomba msaada aingie kwenye majumba ya maskini, na ukiingia mnatenganishwa, mume upande wake, mke upande wake, hata mkiwa mmeishi pamoja miaka 40. Mwaka 1847 ndipo walipoweka kwamba wanandoa waliovuka 60 wasilazimishwe kutengana. Fikiria mtu amefanya kazi tangu akiwa mtoto, mgongo umekwisha, na kinachomtisha kuliko kaburi ni kufia kwenye yale majumba. Pensheni ya uzee ya serikali hakuna aliyeipata akiwa chini ya Victoria, ilianza kulipwa Januari 1, 1909, miaka minane baada ya malkia kufa, shilingi 5 kwa wiki, na lazima uwe umefika 70.

Ukitaka kumwonyesha shemeji, mtafutie picha inayoitwa The Crawlers, ya John Thomson, kwenye kazi yake ya Street Life in London ya 1877 na 1878 aliyoifanya na mwandishi Adolphe Smith. Kuna mwanamke mzee amekaa kwenye ngazi za mawe karibu na jumba la maskini la St Giles, ameegemea ukuta, kichwa kimefunikwa, na kifuani ana mtoto mchanga aliyelala. Mtoto sio wake. Alikuwa mjane wa fundi cherehani, na mama wa yule mtoto alikuwa kazini kwenye mgahawa wa kahawa, akimwachia amlelee mchana kutwa kwa malipo ya kikombe cha chai na mkate. Angalia ule uso umechoka kiasi gani, alafu angalia mkono ulivyomshika mtoto, haujalegea hata kidogo.

Na hapa ndipo ninapokaa muda mrefu zaidi. Herschel tunajua jina lake, siku za maisha yake, nani alimpiga, mpaka nywele zake kuoshwa. Huyu mzee wa kwenye ngazi tunajua marehemu mume wake alikuwa fundi wa nini, jina lake mwenyewe hatuna. Na sio yeye tu. Zile kadi ndogo za picha, kama sentimita 6 kwa 10, zilizoenea sana kuanzia miaka ya 1860, ukiigeuza nyuma unakuta jina la studio limechapwa kwa madoido, anuani, pengine na nembo, aliyekaa kwenye kiti hakuna neno. Familia iliona haina haja ya kuandika, si kila mtu nyumbani anajua huyu ni bibi? Vizazi vikapita, anayemjua akafa, bibi akabaki uso tu kwenye boksi la vitu vya kale. Nawaomba sana, mnaowapiga picha wazee, kazi haijaisha mkishabonyeza kitufe. Andika jina lake lote, na jina alilokuwa nalo kabla ya ndoa, mwaka aliozaliwa au anaokadiria, mahali, na sentensi moja aliyosema siku hiyo kwa maneno yake mwenyewe. Ukiprinti andika nyuma kwa penseli laini, sio kwa kalamu ya wino inayopenya karatasi.

Je kuna mtu yeyote aliyezaliwa enzi za Victoria ambaye bado yupo, au ndio basi tena?

Ndio basi. Uingereza, Ethel Lang aliyezaliwa Mei 1900 alifariki Januari 2015 akiwa na miaka 114, yeye ndiye alikuwa wa mwisho nchini humo. Violet Brown wa Jamaika, koloni la Waingereza wakati anazaliwa Machi 1900, alifariki Septemba 2017 akiwa na 117.

Lakini waliolelewa na Wavictoria bado wapo! Mtu wa miaka 90 leo huko Uingereza anaweza kuwa amelala chumba kimoja na bibi aliyezaliwa 1865, amekatazwa kuongea mezani na huyo bibi, amefundishwa naye namna ya kukunja shuka. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 watafiti wa Chuo Kikuu cha Essex waliwahoji mamia ya wazee, wengine wamezaliwa tangu miaka ya 1870, wakarekodi kwenye tepu mambo ambayo hayapo kwenye hotuba za wafalme: nani alikuwa anaamka kuwasha moto, watoto walilala wangapi kitanda kimoja, baba alirudi kazini saa ngapi na alipewa nini wa kwanza kula. Maswali madogo kama hayo ndiyo yanayofungua mdomo wa mzee popote alipo. Ukimuuliza "niambie kuhusu maisha ya zamani" atakujibu yalikuwa magumu, basi. Muulize mlango wa nyumba ya bibi yake ulifunguka kwenda wapi, utashangaa.

Kwa hiyo ukienda kupiga picha washa na rekoda ya simu, kwa ruhusa yake, mwanzoni kabisa taja tarehe na jina lake kwa sauti, na faili ya sauti uipe jina lile lile la faili ya picha ili visije vikapotezana. Wengi wenu mnaniambia mzee alianza kuongea vizuri mara tu kamera iliposhushwa. Basi ishushe kamera, rekoda iache inaendelea.

Walioniuliza kuhusu lenzi zilizotumika na fangasi ndani ya vioo, nimezipata barua zenu, tutaonana toleo lijalo.